Anko Terminali Anajibu: Pakeji Sio Bando

Toleo lililopita nilidokeza kwamba jioni nikitoka kazini natunza pakeji mbili za Debian (mfumo wa kompyuta wa bure, mmoja wa jamii ya Linux), nikadhani nimepita tu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja nyingi mpaka nyingine zinauliza bei. Bei ya nini tena? Ndo nikagundua wengine wamesoma "pakeji" wakaelewa bando, yani wamedhani nauza GB. Hapana jamani. Pakeji ninayoisema mimi ni programu iliyofungwa tayari kwa kuinstoli, ile ukiandika apt install kitu fulani kwenye Linux kinakuja na vikorokoro vyake vyote na kila kimoja kinakaa mahali pake, basi ujue kuna mtu alikaa akaifunga, na anaendelea kuiangalia isioze. Huyo ndo mtunza pakeji. Nimechagua maswali matano, majina nimeyaacha kama wenyewe walivyojiita.

SWALI: Shikamoo Anko. Nasoma kompyuta mwaka wa pili hapa Dodoma, natumia Debian kwenye laptopu yangu na naipenda sana. Nasikia ina pakeji zaidi ya 60,000 na wengi wanaozitunza wanajitolea tu. Na mimi nataka niwe mmoja wao. Nimeshaandika programu yangu ya kupanga ratiba ya vipindi, nataka niiingize humo. Nianzie wapi, na je wanalipa?
– Mwana wa Chimwaga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na la hela maana najua ndo limekuweka macho: Debian yenyewe haina mishahara ya watunza pakeji. Wapo wanaolipwa na kampuni zao kwa sababu kampuni inategemea hiyo kitu, wapo wanaolipwa kurekebisha matoleo ya zamani ambayo muda wake wa kawaida umeisha, lakini wengi wetu ni usiku baada ya kazi, bando lako, umeme wako. Ilianza hivohivo mwaka 1993, Ian Murdock akiwa mwanafunzi kama wewe, akachukua jina la mpenzi wake Debra akaliunganisha na lake, ikawa Debian. Kwahiyo ukiwa unatafuta hela ya hosteli mwezi huu, hapa sio mahali pake. Ila kwenye intavyuu ukionyesha kazi yako ina jina lako na mtu yeyote duniani anaweza kuifungua akaisoma, hiyo nimeona inasaidia.

Sasa programu yako ya ratiba, iache kwanza. Usikasirike. Pakeji mpya inapita foleni inaitwa NEW, pale kuna watu wachache wanakagua hasa mambo ya leseni, kila faili ni la nani na ameruhusu nini, unaweza kukaa siku chache au ukakaa miezi. Na swali la kwanza watakalokuuliza ni nani anaitumia zaidi yako wewe. Kama ni wewe na rumeti wako, bado.

Anza na kitu ambacho kipo tayari. Kuna pakeji inaitwa hello, kazi yake ni kuandika salamu tu kwenye skrini basi, ndo wanayofundishia watu. Washa mistari ya deb-src kwenye orodha yako ya vyanzo, andika apt source hello, halafu ingia kwenye folda yake. Utakuta ndani kuna folda ndogo inaitwa debian na hiyo ndo shamba letu, vingine vyote ni vya wenye programu. Wale wenye programu tunawaita apstrimu, wa juu mtoni, sisi tuko katikati, na mtumiaji yuko kule chini anachota na ndoo. Humo ndani kuna control, inasema pakeji inaitwaje na inahitaji nini ili ifanye kazi. Kuna rules, namna ya kuipika. Kuna copyright, leseni zote. Na kuna changelog, hii nikueleze vizuri maana ndo ilinitesa mimi. Kila badiliko unaliandika pale, mstari wa kwanza jina la pakeji, toleo, inakwenda wapi na haraka yake, mfano hello (2.10-3) unstable; urgency=medium. Ile 2.10 ni namba ya apstrimu, ile 3 baada ya kistari ni yetu sisi, yani mara ya tatu tunaifunga. Halafu mstari wa mwisho unaanza na nafasi moja, vistari viwili, jina lako na imeli, halafu nafasi MBILI ndo tarehe. Mbili. Mimi niliweka moja nikahangaika jioni nzima natafuta kosa kwenye kodi (na hapa sisemi ya nyumba). Siku hizi natumia komandi ya dch inaniandikia yenyewe, na wewe fanya hivo.

Ukishaifungua, badilisha kitu kidogo, ijenge kwa dpkg-buildpackage, hello haimalizi hata dakika moja. Sio kama Chromium, ile brauza kubwa, ukiianzisha kwenye laptopu za kwetu hizi unaweza kwenda sokoni ukarudi ukapika ukalala. Ukimaliza pitisha lintian. Huyo ni mkaguzi, ana macho ya mama mkwe, ataona mpaka tahajia ya maelezo yako. Usimchukie, lakini pia sio kila anachosema ni sheria, soma maelezo yake kwanza ndo ubadilishe.

Baada ya hapo tafuta pakeji yatima. Zipo nyingi, mtunzaji wake kachoka au kapata watoto au maisha tu, akaitangaza kwamba imeachwa, inapewa herufi O. Kuna programu ndogo inaitwa how-can-i-help, ukiinstoli inakwambia katika vitu ulivyonavyo kwenye mashine yako kipi hakina mwenyewe au kipi kina bagi, yani kosa, rahisi kurekebisha. Hapo ndo penyewe, kwa sababu unatunza kitu unachokitumia, kikivunjika utakijua wewe kabla ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe kilichonivuta ni hunspell-sw, ile kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, nilitaka tu kujua inatoka wapi nikakuta inafungwa kwenye lundo moja na kamusi za LibreOffice za lugha nyingine kibao, nikabaki nashangaa, kumbe kuna mtu mbali huko anahakikisha Kiswahili changu hakipigwi mstari mwekundu.

Ukipata ya kuichukua unaandika unaitaka, unaitengeneza, unaipandisha mentors.debian.net ili mwenye haki ya kupandisha aikague na kuiingiza kwa jina lako. Huyo ni mdhamini wako. Atakurudishia mara tano. Yangu ya kwanza ilirudi mara sita na mara ya nne nilitaka kuacha.

Na utakosea, nikwambie kabisa. Mimi niligawa pakeji moja ikawa mbili, nikahamisha faili moja tu, ukurasa wa mwongozo, kutoka ile ya zamani kwenda ile mpya. Nikajaribu kuinstoli kwenye mashine safi, ikaenda fresh, nikalala usingizi. Asubuhi naamka nakuta ripoti tatu, watu waliokuwa na toleo la zamani apt imewagomea katikati, dpkg, yule anayeweka mafaili mahali pake, inasema inajaribu kuandika juu ya faili ambalo tayari liko kwenye pakeji nyingine. Nilisahau mistari miwili kwenye control, Breaks na Replaces, ya kumwambia dpkg kwamba hili faili limehama nyumba. Mistari miwili! Bagi ikapewa daraja la serious, maana yake pakeji haiwezi kwenda kwenye toleo linalofuata mpaka nirekebishe, na ukichelewa inatolewa kabisa. Nilirekebisha kabla ya chai. Sasa hivi kila nikijaribu nainstoli ya zamani kwanza halafu ndo naapgredi.

La mwisho, bando. Ukianza kujenga pakeji kwenye mazingira safi kila mara itashusha vitu vilevile kila mara. Instoli apt-cacher-ng, inaweka akiba ya ulivyoshusha. Hiyo peke yake inakulipia chipsi mayai.

SWALI: Habari yako mkuu. Niko Mombasa, naangalia seva za sacco fulani. Tulikuja kukaguliwa usalama, jamaa akaskani seva yetu ya Debian 12 akaandika kwa ripoti na rangi nyekundu ati OpenSSH yetu ni 9.2 na ina ile shimo kubwa ya 2024, tuapgredi iwe 9.8. Naapdeti kila wiki na bado inasema 9.2! Hawa maintaina wa Debian wamelala ama? Na boss ananiangalia mimi.
– Fundi wa Seva, Mombasa

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na mwambie bosi ashushe pumzi. Hawajalala.

Debian toleo thabiti likishatoka, namba za programu ndani yake zinagandishwa. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023 ikiwa na OpenSSH 9.2 (programu ya kuingilia seva ukiwa mbali) na itakufa nayo. Sababu ni kwamba toleo jipya halileti dawa tu, linaleta na tabia mpya, seting imebadilishwa jina, kitu kimeondolewa, na wewe umeapdeti usiku ukidhani ni usalama tu, asubuhi sacco nzima haiwezi kuingia. Kwahiyo likipatikana shimo, watunza pakeji wanachukua ile dawa peke yake, pachi yenyewe, wanaipachika kwenye toleo la zamani. Hiyo kazi inachosha kuliko unavyofikiri kwa sababu kodi ya zamani na mpya hazifanani, pachi inakataa kukaa, unaisoma mstari kwa mstari unajiuliza hapa walimaanisha nini.

Lile shimo la tarehe 1 Julai 2024, CVE-2024-6387 (hiyo ndo namba yake kwenye orodha ya mashimo yanayojulikana), kwenye Debian 12 lilizibwa na pakeji 1:9.2p1-2+deb12u3. Angalia huo mkia, +deb12u3. Maana yake ni mara ya tatu toleo hilo linarekebishwa ndani ya Debian 12. Kifaa cha mkaguzi wako kimesoma 9.2 kikaishia hapo, mkia hakikuusoma. Sasa andika dpkg -l openssh-server, ukiona u3 au zaidi umeshapona tangu zamani. Halafu andika apt changelog openssh-server, tafuta hiyo namba ya CVE humo, itoe kwenye karatasi umpelekee na chapa ya Debian security tracker, ule ukurasa unaoonyesha shimo gani limezibwa wapi. Asipokubali mwambie akuonyeshe shimo, asikuonyeshe namba. Na tafadhali usishushe 9.8 ukaikompaili mwenyewe ukaiweka juu, hapo ndo utakuwa umejivua kinga, shimo linalofuata hakuna wa kukuletea dawa, mtunza pakeji wa hiyo utakuwa ni wewe.

SWALI: Anko mambo. Nimeambiwa ili uingie Debian lazima upate mtu wa Debian akuone kwa macho, aangalie kitambulisho chako, akusainie funguo yako ya GPG. Huku Mbeya nitampata wapi?? Nimekata tamaa.
– Kijana wa Mwanjelwa

JIBU: Poa mdogo wangu. Umeambiwa nusu. Kuanza huhitaji saini ya mtu, unatengeneza funguo yako ya GPG mwenyewe (ni faili la siri la kusainia kazi yako kwenye kompyuta), unaipandisha na kazi yako mentors, mdhamini anakagua kazi na anaisaini yeye wakati wa kuingiza. Unaweza kukaa hivo miaka miwili na pakeji zako zikawa kwenye mashine za watu duniani kote. Saini ya mwingine inaanza kuhitajika pale unapotaka kupandisha mwenyewe bila kushikwa mkono, na hata hapo tangu enzi za korona wamekubali kwamba mtu wa Debian aliyefanya kazi na wewe muda mrefu anaweza kuthibitisha kwamba hii funguo ndo ya yule mtu ninayemjua kwa kazi yake. Kwa hiyo cha kutafuta sasa hivi sio mtu wa kukusaini, ni kazi ya kuonekana nayo. Mkutano wao mkubwa, DebConf, ulishafika Afrika, Cape Town mwaka 2016, ila kutoka Mbeya mpaka kule hata mimi nisingekushauri uende kwa ajili ya saini tu.

Funguo yako weka nakala kwenye flashi mbili na nywila usiyoisahau. Kijana mmoja ninayemfahamu kaformati laptopu, funguo ikaenda na maji.

SWALI: Anko, kama mtu yeyote anaweza kutunza pakeji, nini kinamzuia mwizi asiweke sumu ndani? Naomba ujibu ukweli usitupambe.
– Mashaka, Mwanza

JIBU: Sikupambi. Imeshatokea, na karibu ifike kwako.

Kuna programu ya kubana mafaili inaitwa xz. Iko kila mahali, wala huioni. Mwenyewe Lasse Collin aliitunza karibu peke yake miaka mingi, bure, na mwaka 2022 akasema wazi kwamba hali yake ya akili haiko sawa na kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Wakati huohuo kuna majina yasiyojulikana yakawa yanamsukuma, mbona unachelewa, mpe mtu mwingine. Na pembeni kuna mtu anajiita Jia Tan anasaidia kwa upole, pachi nzuri, hana haraka. Miaka zaidi ya miwili. Akapewa haki za kutoa matoleo. Mwanzoni mwa 2024 akatoa 5.6.0 na 5.6.1, ndani kuna mlango wa nyuma wa kuingilia seva kwa SSH, na alivyoificha ndo utashika kichwa: kipande kinachoiwasha hakikuwa kwenye hazina ya kodi ambayo watu wanaisoma, kilikuwa kwenye furushi la toleo tu, lile tunaloshusha sisi watunza pakeji.

Na sisi tuna sehemu yetu, lazima niseme. OpenSSH yenyewe haitumii xz kabisa. Ila Debian na wengine walikuwa wamepachika pachi yao ili SSH iongee na systemd (ile inayowasha na kusimamia huduma za Linux), na systemd kwa upande wake inavuta xz. Huo uzi tuliushona wenyewe.

Ikafika Debian sid, ile ya majaribio ya mwanzo kabisa. Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL (programu ya hifadhidata), alikuwa anapima kasi ya vitu vyake, akaona kuingia kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde. Mtu mwingine angesema mtandao huo. Yeye akafukua. Tarehe 29 Machi 2024 akatangaza, Debian ikarudisha toleo la nyuma na kulipatia namba ya ajabu kweli, 5.6.1+really5.4.5-1, kwa sababu apt haikubali namba kushuka, ikabidi iandikwe kwamba ni 5.6.1 lakini kiukweli ni 5.4.5. Nacheka kila nikiiona. Toleo thabiti halikuguswa, na hiyo sio bahati tu: kitu kikiingia sid kinakaa siku kadhaa, kawaida 5, ndo kinapita kwenda testing, na thabiti inasubiri mpaka rilizi ijayo.

Na sumu nyingine haihitaji mwizi. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL (programu inayotengeneza funguo za siri) ndani ya Debian aliona kifaa cha kukagua kumbukumbu kinalalamikia mistari miwili, akauliza kwanza, halafu akaizima. Ile mistari ndo ilikuwa inachanganya ubahatishaji wa funguo. Mpaka inagundulika Mei 2008, funguo zote za SSH zilizotengenezwa kwenye Debian na watoto wake Ubuntu zilikuwa zinatokana na namba ya prosesi tu (namba ambayo kompyuta inaipa kila programu inayokimbia), yani uwezekano 32,768 kwa kila aina na ukubwa, laptopu inamaliza kuzijaribu zote. Miezi ishirini, kodi iko wazi kabisa mbele ya kila mtu. Mimi tangu nisome hiyo habari pachi yangu yoyote naipeleka apstrimu kwanza, wakiikataa najiuliza mara mbili kwa nini mimi naona na wao hawaoni.

SWALI: Shemeji habari za kazi. Nakuita shemeji maana mume wangu anakusoma sana. Ana kazi yake ya benki lakini usiku yuko kwenye kompyuta mpaka saa nane, nikimuuliza anasema "natunza pakeji", sijui nane sijui tisa. Juzi mtu wa Ujerumani kamwandikia maneno makali akanuna siku mbili. Hela haileti. Nimuelewe vipi?
– Mama Wawili, Moshi

JIBU: Shemeji, nzuri tu. Tisa ni nyingi kwa mtu mwenye kazi na watoto, nitamwambia mwenyewe kama anasoma hapa, na najua anasoma.

Mwambie hivi kwa lugha yao ataelewa: aandike RFA. Ni tangazo kwamba natafuta wa kunipokea hii pakeji, bado naishika lakini nimechoka. Sio aibu, iko kwenye utaratibu kabisa. Akikosa mtu aipeleke kwenye timu, siku hizi pakeji nyingi ziko chini ya timu, wa Python wana yao, wa Perl wana yao, akilala yeye wa nchi nyingine anaamka. Na kama zipo ambazo hata yeye hazitumii aziweke O leo leo. Kushika pakeji kimyakimya huku huigusi ndo vibaya, watu wanaona jina lake wanadhani kuna mwenyewe, kumbe hakuna.

Yule wa maneno makali asimjibu usiku. Ripoti ya bagi ikija na matusi, asome bagi, matusi ayaache hapohapo, na akiona hawezi akaandika tu kwamba atapokea pachi, basi, mpira uko kwao.

Wewe usimzimie kompyuta, umesikia? Ila siku ukimkuta saa nane ya usiku, chungulia kwenye skrini anasubiri nini kijengwe. Kama ni Chromium mletee chai. Kama ni hello mwambie akalale.